Ugomvi Usiosikika

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe nne, mwezi wa tano, siku ya posa, kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili. Kikombe cha kwanza Fundi alikinywa akiwa karibu kuwa mkwe wa nyumba ile. Cha pili hakuwahi kukigusa.

Tangu asubuhi alikuwa hakaliki. Alivaa shati, akalivua, akavaa jingine, akarudia lile la kwanza. Kaka yake, dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti kama honi, alikuwa amejilaza kitandani pake akimcheka.

"Wewe ni mgane au mwari? Vaa twende, bwana. Unatetemeka kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino."

"Shati linanibana."

"Shati halikubani. Roho ndiyo inakubana."

Kweli roho ilikuwa inambana. Alikuwa amemzika mke wake miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo aliishi kama kiatu kimoja kilichobaki chini ya kitanda. Ni kwenye kiwanda cha nguo, alikokuwa fundi wa mitambo, alikorudi kuwa mtu, na aliyemrudisha ni Shwari.

Shwari si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina la kiwandani. Fundi alipokuwa akipita kati ya safu za mitambo na kuwainulia wafumaji nyusi, yaani vipi hapo, wengine walimrushia malalamiko: uzi unakatika, mkanda unateleza, mafuta yamekwisha. Huyu mmoja alikuwa anatandaza kiganja hewani taratibu, kama anayenyoosha shuka. Shwari. Hata mtambo wake ulipokuwa unakohoa moshi, kiganja kilikuwa kile kile, na tabasamu lile lile la upande mmoja.

Maana ndani ya ukumbi wa kufuma hakuna masikio. Mitambo inapiga mpaka meno yanacheza kwenye fizi. Wakubwa, ambao ofisi zao zina vioo viwili viwili na zulia, hawajawahi kuona haja ya kumpa mfumaji hata kipande cha pamba cha kuziba sikio, na kiwanda kizima kinalala juu ya pamba. Basi watu wakajitengenezea lugha yao. Midomo inatamka pole pole bila sauti, uso unatia chumvi, mikono inamalizia. Mfumaji akipiga vidole viwili begani, maana yake jihadhari, mkubwa anakuona. Kwa lugha hiyo watu wanasengenyana, wanapeana pole, wanatukanana na kuombana radhi, na hakuna anayesikika. Kwa lugha hiyo pia wanapendana. Siku Fundi na Shwari walipokutana nje ya geti kwa mara ya kwanza na ikabidi watumie sauti, waliona haya kama watu waliovuliwa nguo.

Na ilikuwepo ishara moja ambayo haikuwa ya kiwanda, ilikuwa yao tu. Fundi akiwa kule mwisho wa safu, aligusa ncha ya sikio lake. Maana yake: nipo. Shwari aliijibu kwa kugusa lake. Ilitosha kuwabeba zamu nzima.

Nyumbani kwa kina Shwari walipokelewa na mama yake, mwanamke mkimya ambaye sikio lake moja halisikii vizuri. Kabla ya kusalimia alimshika Fundi mkono, akangoja amtazame usoni, ndipo akasema, "Karibu, baba." Kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha dirishani, mgongo wake kwenye mwanga, nyuso za wageni wote zikiwa mbele yake kama sahani mezani. Mtu mwenye macho angejiuliza. Fundi macho alikuwa nayo, ila yote mawili alikuwa ameshayatuma kwa Shwari, aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni akiwa na gauni la kijani na mikono iliyokosa pa kukaa.

Fundi akagusa sikio. Shwari akainama kuficha tabasamu, akagusa lake.

Mama aliona.

Mwenye kusema alikuwa mjomba. Huyu ndugu wa mama ndiye msimamizi wa zamu pale kiwandani, mkubwa wa Fundi na wa Shwari wote wawili, na baba wa Shwari alipofariki ndiye aliyemlea. Alikuwa amekalia kochi lote peke yake, miguu ameitanua, akimsimulia Kaka habari za Fundi kana kwamba Fundi mwenyewe ameachwa nje na viatu.

"Huyu bwana namjua kuliko mnavyomjua ninyi mliozaliwa naye," alisema mjomba. "Pale kwetu ni familia. Alipofiwa, nani alisimama naye? Mwulizeni. Marehemu nilimtunza kama dada yangu wa tumbo moja. Alipoanza kuumwa kifua nilimwambia mimi mwenyewe, nenda mama ukapumzike, kazi ipo tu."

"Mungu akubariki, mzee," Kaka akasema, mdomo umejaa andazi.

Kikombe kiliganda mkononi mwa Fundi.

Alikuwepo siku ile, maana mke wake naye alikuwa mfumaji kwenye ukumbi ule ule. Alikuwa chini ya mtambo wa jirani, amelala chali kwenye mafuta, akaiona miguu ya mke wake ikienda kwa msimamizi na ikirudi. Alichomoza kichwa kumwuliza. Mkewe akamjibu kwa midomo, mkono mmoja kifuani: "Kasema nimalizie jora." Akalimalizia jora. Akalikata, akalikunja vizuri kama alivyozoea, akaketi chini, na hospitali hawakuwahi kufika. Kwenye maziko mjomba huyu huyu alishika koleo na kulia kwa kwikwi. Wakubwa wanajua sana kulia siku ya maziko. Siku ya kuomba ruhusa ndiyo hawajui.

Fundi akamtazama Shwari. Uso wa Fundi ulikuwa mtulivu, mtu yeyote angedhani anasikiliza kwa heshima. Lakini midomo yake ilikwenda, bila sauti, kama kule safuni.

"Mwongo mkubwa. Huyu ndiye aliyemuua mke wangu."

Shwari akatikisa kichwa kidogo sana. "Baadaye," akajibu kwa midomo. "Nakuomba."

"Nikishakuoa hatakanyaga kwangu. Na wewe hutakanyaga kwake. Sahau kwamba una mjomba."

Kiti cha dirishani kililia. Fundi akageuka. Mama alikuwa amekaa wima, anamtazama yeye tu. Akainua mkono taratibu na kupiga vidole viwili begani.

Mkubwa anakuona.

Ishara ile haifundishwi sokoni wala kanisani.

"Ulidhani ni wewe peke yako?" mama alisema, na sauti haikutoka hata chembe. Midomo yake ilitamka kizamani, wazi, kila neno limepigwa pasi. "Nilifuma kwenye kiwanda kingine, kabla hujaota ndevu. Sikio hili limebaki huko. Yale uliyoyasema, yarudie."

"Mama, nisamehe. Ni hasira."

"Hasira nimeiona. Rudia."

"Wee kijana!" mjomba alimgeukia kwa furaha. "Kaka yako anasema mtoto wa kwanza atapewa jina langu. Unasemaje?"

"Ndiyo, mzee," Fundi akasema kwa sauti.

"Umemsikia? Ndiyo, mzee!" Mjomba akampiga Kaka paja, wakacheka wote wawili, na Kaka akaanza kusimulia jinsi lori lake lilivyokatika breki kwenye mteremko.

Mama hakuondoa macho. "Alilofanya ndugu yangu nalijua. Nilimnunia mpaka watu wakaingilia kati. Alimnyima mkeo ruhusa, kwa sababu wa juu yake walimkataza kumruhusu mtu yeyote."

"Wote ni wale wale, mama. Wa juu na wa chini yao."

"Inawezekana. Lakini mwanangu alipougua surua, huyo unayemwita mwuaji alimbeba mgongoni kwenye mvua. Wewe ulikuwa wapi? Sasa niambie mimi niliyemzaa. Unamwoa binti yangu, au unamnyang'anya ndugu yangu mtoto kwa sababu alikunyang'anya mke?"

"Mama, basi," Shwari aliomba kwa midomo. Kichwa chake kilikuwa kinaenda huku na huku, machozi yamesimama. "Mama, wageni."

"Wageni hawasikii, mwanangu. Angalia wanavyokula."

Na kweli. Kaka alikuwa ameinua mikono yote miwili kuonyesha usukani, mjomba amejishika mbavu. Kuanzia dirishani mpaka jikoni, juu ya vikombe na sahani, nyumba ilikuwa inaungua, na watu wawili walikuwa wanacheka katikati ya moto bila kuhisi joto.

Fundi aliyaondoa macho kwa mama, akayatuliza kwenye kikombe cha pili alichokuwa amemiminiwa.

Mama akanyanyuka. Sasa alitumia sauti, ile nyororo ya kupokelea wageni. "Chai imepoa. Wageni wetu wana safari. Tumewasikia, tutakaa, tutawaletea jibu."

Kaka alibaki na andazi hewani.

Walikuwa wamefika kona ya pili ndipo akapata maneno.

"Hebu nieleze. Tulikuwa tunakwenda vizuri au hatukuwa tunakwenda vizuri?"

"Tuligombana."

"Nani na nani?"

"Mimi na mama mkwe."

Kaka akasimama katikati ya njia. "Saa ngapi? Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo! Nilikwenda hata chooni? Sikwenda!"

"Ulikuwa kwenye breki."

"Ninyi watu wa kiwandani si bure. Mnagombana kama samaki." Akatembea kidogo, akasimama tena. "Na ulimwambia nini huyo mama?"

"Sikumwambia yeye. Nilimwambia Shwari, yeye akasoma."

"Ulimwambia nini, mdogo wangu?"

Fundi akamweleza. Kaka hakucheka tena. Alimshika bega, akasema pole pole, kwa sauti ambayo Fundi hakujua kama anayo, "Miaka yote hii hujawahi kulisema hilo kwa sauti. Hata kwangu. Sasa ndiyo ulichagua siku ya leo?"

Jumatatu aliingia zamu kabla ya king'ora. Usingizi ulimpitia kwa mbali tu. Alipanga spana zake, akazipangua. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Shwari, mazuri, ya mtu mzima, na alikuwa anayatamka midomoni mpaka mlinzi wa geti akamwuliza anasali au anatukana.

Wafumaji wakaingia. Mitambo ikaanza kupiga. Fundi akaenda kwenye safu yake, akanyanyua macho.

Shwari alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni.

Kitambaa cha kawaida, cha kuzuia vumbi la pamba, wanawake wengi wanajifunga wakati wa kufagia. Lakini anayefunika mdomo mbele yako wakati wa kazi amekufungia mlango na komeo ameweka. Yamebaki macho tu, na macho ya Shwari yalikuwa kwenye nyuzi.

Fundi akapita mara ya kwanza, akainua nyusi. Hakupata kiganja. Akapita tena. Akajifanya ameona mkanda unalegea, akalala chini ya mtambo wa Shwari, akachomoza kichwa: aliona viatu vyake tu. Akasimama upande wa pili, akamwambia kwa mikono yote, midomo yote, "Nisamehe. Nilikosea. Nitazame hata kidogo." Shwari akaunga uzi uliokatika, akaendelea.

Mfumaji wa mtambo wa jirani, mwanamke wa makamo wanayemwita Redio kwa sababu hata kelele zile haziwezi kumnyamazisha, akamgonga Fundi mgongoni.

"Hiyo nati umeikaza tangu tuingie," alimwambia kwa midomo. "Ikipasuka utatuambia ilikuwa mapenzi?"

"Redio, niache."

"Nakuacha. Ila na wewe uiache nati."

Kisha mjomba, msimamizi wa zamu, akapita, kalamu sikioni, akampiga Fundi bega kwa nguvu na kumfokea sikioni ili asikike: "Mkwe! Kazi hiyo!" Akacheka, akaenda zake. Hakujua lolote. Mama hakuwa amemwambia. Fundi alibaki ameshika spana, na kile kicheko kilimchoma kuliko angetukanwa. Angetukanwa angejua pa kusimama.

Asubuhi nzima ikawa hivyo. Mtu unatafuta mdomo mmoja tu katika ukumbi wa midomo mia, na huo mmoja umefungwa.

King'ora cha mapumziko kilipolia, mitambo ilizimwa mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu, mpaka kimya kikaanguka kizito kama jora lililodondoshwa. Watu wakatoka kwenda kula. Redio akamtazama Shwari, akamtazama Fundi, akaondoka bila utani. Hapo Fundi ndipo alipoogopa kweli.

Shwari akafungua kitambaa. Alama ya fundo ilikuwa imebaki shavuni.

Fundi akaanza kusema, midomo ikacheza bila sauti.

"Kwa sauti," Shwari alisema. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, ikagonga kuta. "Leo nataka kwa sauti. Kwa midomo unasema usichokipima."

Fundi akakohoa. "Nilikosea. Kuhusu mjomba wako. Yeye ni wako, mimi sina haki ya kukukataza. Nitakwenda kwa mama, nitapiga magoti."

"Mama anasema la mjomba atalimeza. Kasema ni donda lako, huwezi kulizuia lisitoe usaha."

Fundi alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka. "Kumbe! Sasa mbona umenifungia mdomo asubuhi nzima? Umeniua, Shwari. Nimekaza nati moja mpaka imeomba msamaha."

Hakucheka. Tabasamu la upande mmoja lilikuja, likaishia njiani.

"Jana mlipoondoka, Mama hakuniuliza habari za mjomba. Aliniuliza kitu kingine. Aligusa sikio lake, hivi. Akasema, mwanangu, nimefuma miaka mingi, hii ishara sikuwahi kuiona kiwanda chochote. Imetoka wapi?"

Fundi alihisi sakafu inatikisika, na mitambo ilikuwa imezimwa.

"Nikamwambia ni yetu. Nikasema kwa kujidai kabisa. Fundi wangu aliibuni kwa ajili yangu." Akakikunja kitambaa. "Mama akaniambia, muulize mtu aliyekutangulia pale. Asubuhi nikamwuliza Redio. Unajua Redio hajui kuficha. Nilipogusa sikio tu, uso wake ukanijibu kabla ya midomo."

"Shwari..."

"Ilikuwa yenu. Yako na yake. Alikuwa anasimama mtambo ule pale, na wewe unasimama kule mwisho, mnagusiana masikio kwa mbali. Ukumbi mzima ulijua. Mwaka mzima wananiona naijibu, na kila mmoja ananyamaza."

"Mkono ulikwenda wenyewe," Fundi alisema. "Siku ile ya kwanza. Nilikuona, mkono ukaenda. Sikufikiri."

"Ndiyo maana nauliza. Ungefikiri, ningekuamini zaidi." Alisogea karibu, akamshika mkono wake wenye mafuta, akautazama kama kifaa ambacho hajui kimeharibika wapi. "Mimi simwonei wivu marehemu. Nakuapia. Lakini nina jibu moja la kumpelekea Mama leo jioni, na analingoja amekaa dirishani. Wewe ukiniita kule mwisho wa safu, nageuka mimi. Je, ni mimi uliyemwita?"

"Ni wewe."

"Usijibu haraka hivyo."

"Sasa nijibuje? Kwa midomo hutaki, kwa sauti hutaki!"

"Nijibu kama mtu aliyeulizwa, si kama mtu aliyeshikwa."

Fundi akatafuta maneno. Aliyatafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta hitilafu kwenye mtambo. Alikumbuka miguu ikienda na kurudi, mkono kifuani, jora lililokunjwa. Alikumbuka kiganja kinachonyoosha shuka hewani, gauni la kijani, mikono iliyokosa pa kukaa. Vyote vilikuwa ndani, vimesongana mlangoni, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

King'ora kikalia. Watu walirudi wakijifuta midomo, wakashika nafasi zao. Shwari akaurudisha mkono wa Fundi taratibu, akaenda kwenye mtambo wake. Ukaanza wa kwanza, ukafuata wa pili, na kelele zikajaa mpaka kwenye paa.

Kitambaa hakukifunga. Alikishika mkononi.

Fundi alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa safu, mahali pake pa siku zote. Akamtazama. Na mkono wake wa kulia, kwa mazoea yake, ukainuka wenyewe, ukapita kifua, ukapita bega, ukafika karibu na sikio.

Ukasimama hapo hapo, hewani, kama uzi unaotaka kukatika.

Shwari aliuona. Wafumaji wote wa safu ile waliuona. Redio aliacha kazi.

Na kule mbali, juu ya kelele zote, midomo ya Shwari ikatamka neno moja tu, pole pole, kila herufi mahali pake:

"Nani?"